Mbwa Aliyehesabiwa Mzoga

Siku mume wangu alipomleta yule mbwa nyumbani, alikuwa ameshamwarifu sajini wake kwamba amempiga risasi na kumtupa mtoni.

Aliingia adhuhuri, jua limesimama utosini, akisukuma mkokoteni wa kuni. Juu kulikuwa na gunia. Akafunga mlango kwanza, ndipo akalifunua. Mbwa alikuwa amelala kimya, kafungwa mdomo kwa kitambaa, macho yananitazama mimi.

"Bwana, hiki nini?" nikauliza.

"Usipaze sauti," akasema. "Nilishindwa."

Tulikuwa Garissa, katika nyumba za polisi, miaka ya hamsini. Mume wangu alikuwa koplo. Afisa wake, Mzungu, alikuwa amepata amri ya kurudi kwao, na mbwa hakuweza kwenda naye. Wengi wao desturi yao ilikuwa hiyo: siku ya kuondoka, mbwa hupigwa risasi asije akahangaika. Kwao hiyo ilikuwa huruma. Kazi akapewa mume wangu. Alimpeleka ukingoni mwa Tana, akainua bunduki, akapiga risasi majini.

Niliijua sababu. Mwaka uliotangulia yeye na wenzake walikuwa safarini upande wa Wajir, homa ikamwangusha njiani, wenzake wakatangulia kutafuta maji. Aliyebaki naye chini ya mgunga ni yule mbwa. Aliniambia kwamba kila alipofumbua macho alimkuta amekaa pale pale, masikio juu. Basi mtu kama huyo utampigaje risasi? Alisema "mtu" hivyo hivyo, wala hakujisahihisha.

Lakini sasa tulikuwa na mbwa ambaye kwa serikali amekwisha kufa. Akionekana, mume wangu amesema uongo kazini. Cheo kitavuliwa, pengine na sare pamoja nacho. Na wakati ule palikuwa na hofu ya kichaa cha mbwa, kila mbwa asiye na mwenyewe akiuawa. Hata kumwachia mbugani isingefaa. Alikuwa mbwa mkubwa, mzima, rangi ya kahawia, mwenye njaa ya nyumba ya watu. Angerudi moja kwa moja barazani kwa Mzungu.

Mimi ni mtu wa Malindi. Nyumbani kwetu mbwa ni najisi. Akikugusa na ute, unaosha mara saba, mojawapo kwa mchanga. Nilikuwa sijawahi kulala boma moja na mbwa. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na nyuma kiua kidogo chenye jiko, kimezungushiwa mikeka ya majani ya mikoma. Mbwa akawekwa jikoni. Mimi nikahamisha mafiga, nikawa napikia ndani ya chumba, moshi umejaa, kanga yangu nafua mpaka inachanika.

Ningeweza kusema nitakwenda kwetu hadi mambo yapoe. Sikuweza. Mvua za juu zilikuwa zimeujaza mto, umevunja kingo na kufunika barabara, na kivuko kimefungwa kwa minyororo upande wa pili. Hata mto ungekuwa mkavu, wilaya zile zilikuwa zimefungwa. Huingii wala hutoki bila kibali. Malindi ilikuwa mbali kama Makka.

Siku zikawa zinaanza na kuisha ndani ya ile mikeka. Siwezi kwenda kisimani, kwa kuwa nikitoka mbwa analia. Siwezi kukaribisha mtu. Mke wa sajini, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mwanamke mwema mwenye masikio mazuri mno. Mbwa akikohoa, na mimi nakohoa. Akikuna mlango, nagonga sufuria. Siku moja jirani akaniita kupitia ukuta:

"Mama, kifua hicho, mbona huendi hospitali?"

"Vumbi tu, dada," nikasema.

"Vumbi gani na mafuriko haya?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mume wangu alitafuta. Mwenye duka la kitambaa sokoni alimkatalia kabla hajamaliza kusema: mbwa wa Mzungu, alisema, anakula nyama kuliko watoto wake wote. Wakulima wa mtoni, ambao pengine wangemhitaji kufukuza nyani, walikuwa wamehamia maeneo ya juu, mashamba yao yamemezwa na maji. Kisha mume wangu akatumwa doria Wajir, nami nikabaki peke yangu na yule maiti mwenye kupumua.

Sitasema nilimpenda. Nilimwogopa, kisha nikamchukia, kisha nikamzoea. Joto la mchana likizidi, alikuwa akilaza kidevu kwenye kizingiti cha jiko na kunitazama nikichambua mchele. Nikajikuta nazungumza naye. Nilimweleza habari za mama yangu. Jina lake la Kizungu nililijua, ila sikuthubutu kulitaja, nikichelea ataruka na kubweka kwa furaha. Basi hakuwa na jina, na mimi kwa siku nyingi sikuwa na mtu wa kuniita langu.

Aliyetufungulia ni mama wa maziwa. Alikuwa mjane wa Kisomali, mtu mzima mrefu mkavu, aliyekuja kila asubuhi na punda kutoka kambi yao ya mbuzi upande wa Galbet. Huwa anasimama mlangoni, napokea maziwa, basi. Asubuhi hiyo mbwa alinusa mbuzi kwenye nguo zake, akatoa sauti nyembamba ya kuomba.

Mama wa maziwa akanitazama. "Abaayo, wewe nafuga nini?"

Abaayo kwao ni dada. Sijui kwa nini neno hilo lilinivunja, lakini nililia pale pale mlangoni. Nikamvuta ndani na kumwonyesha.

Alimzunguka mbwa bila kumgusa. Akatazama meno, miguu, mkia. "Kubwa," akasema. "Babaa?"

"Ni dume, naam. Lakini mama, si mwaona najisi?"

"Mbwa ya kulinda mbuzi hakuna haramu. Najisi tunaosha." Akatazama tena meno. "Fisi imekula mbuzi yangu nyingi. Mbwa yangu ya zamani imekufa. Lakini huyu, anakula mbuzi?"

"Sijui," nikasema. Huo ndio ulikuwa ukweli.

"Mimi pia sijui. Tutaona."

Tulichagua Ijumaa, wakati wa sala, wanaume wengi wakiwa msikitini. Alikuja na punda wawili. Tukamvua mbwa ukosi wake wa ngozi, tukampaka majivu na mavi ya mbuzi yaliyolowekwa, hadi akawa kama kitu kilichozaliwa zizini. Ukosi nikauchoma mafigani. Mama wa maziwa akamfunga kamba shingoni na kumvuta. Mbwa akakaa chini. Akavuta tena. Mbwa akanitazama mimi.

"Lazima nawe kuja na sisi," mama wa maziwa akasema.

Nikajitanda buibui na kushika kamba. Lango la nyumba za polisi lilikuwa na askari mmoja kijana wa Kikamba.

"Mbwa huyo wa nani?" akauliza.

"Mbwa yangu," akajibu mama wa maziwa. "Wewe hunusi?"

Askari alikuwa amekwisha kunusa. Akasogea nyuma, mkono puani. "Na wewe, mke wa koplo, wapi?"

"Nakwenda kuangalia mbuzi wa kununua," nikasema. "Mume wangu akirudi nataka nimchinjie."

Akatutazama sote, hasa mbwa, kwa muda ambao sikuupenda. Mpaka leo sijui kama alimtambua. Alifungua lango.

Tulitembea kwenye tope jekundu mpaka nyumba zikaisha. Nilikuwa nimesahau kwamba mbingu ile ni kubwa. Ungedhani ningefurahi, lakini niligeuka mara kwa mara kuona kama kuna sare inatufuata.

Kambini palikuwa na vibanda vya mikeka na zizi la miiba. Mbuzi walipomwona mbwa wakatawanyika. Naye akakaza mwili wote, mguu mmoja juu, kama walivyomfunza Wazungu kuwinda. Nikajua tumekwisha. Mama wa maziwa hakupiga kelele. Alimfunga karibu na mbuzi jike mkongwe mwenye pembe na mwana mchanga. Mbwa akasogeza pua. Yule mbuzi akampiga kichwa cha ubavu, mbwa akalia, akarudi nyuma na kulala chini. Wanawake wa kambi wote wakacheka, na mimi pia, kwa mara ya kwanza tangu mkokoteni ule uingie kwangu.

Kisha mama wa maziwa akampa maziwa katika kipande cha kibuyu. Mbwa alikunywa huku akimwangalia yule mbuzi kwa jicho moja.

"Sasa nenda," mama wa maziwa akaniambia. "Usimwite, usigeuke. Ukigeuka, hatakaa."

Nikaondoka. Nilimsikia mbwa akilia nyuma yangu, kisha akibweka, ile sauti niliyoizuia siku zote. Sikugeuka. Nilitembea nikisoma aya zote nilizozijua, nikarudi langoni, nikaingia mwenyewe.

Jiko likawa tupu. Niliosha kila kitu kwa mchanga na maji, nikarudisha mafiga mahali pake. Nilitarajia nafasi, nikaona mikeka ile ile, ukuta ule ule, na mto bado umejaa. Jirani akauliza kama kifua kimepona. Nikasema kimepona.

Mume wangu aliporudi nilimweleza. Akakaa kitandani na buti zake. Baadaye akauliza tu, "Alilia?"

"Kidogo," nikasema.

Mama wa maziwa hakuja tena. Mvua zilikuwa zimeotesha majani mbali, kambi ikahama, na hakuna aliyejua kama mbwa amekaa, amekimbia, au amechinjwa kwa kula mbuzi. Mara nyingi niliposikia bunduki upande wa mto nilisimama.

Kiangazi kiliporudi, nilimkuta visimani. Alikuwa na mbuzi wake, na mbwa kalala kivulini, kakonda, sikio moja limepasuka vibaya.

"Fisi," akasema mama wa maziwa, akionyesha sikio. "Yeye amekataa kukimbia. Mjinga sana." Alilisema kama mtu anavyomsifu mwanawe.

"Mnamwitaje?"

"Eey." Ni mbwa tu, kwa Kisomali.

Mbwa aliinuka, akaja, akanusa upindo wa buibui langu kwa makini. Nilibana mikono yangu nisimguse. Mbuzi mmoja akaanza kuchepuka kuelekea vichakani, na yeye akanigeuzia mgongo na kumfuata, polepole, bila kuambiwa na mtu.

Mama wa maziwa akanipimia maziwa, tukazungumza habari za malisho, kisha kila mmoja akashika njia yake.