Mwezi Ndani ya Gunia

Wakati wa mavuno, ukitoka mji wa Ziwa kuja Eldoret, utawaona tu kina mama wanaotembea juu ya mahindi. Yameanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, nao wanapita pekupeku, wakiburuta miguu, kwenda na kurudi, ili yageuke na jua liyapate pande zote. Mmoja wao ni Nabwire, aliyekuja na mume wake kutoka Bungoma kutafuta kazi. Ashley, mtoto wao wa miezi minane, huzunguka naye mgongoni, amelala, shavu limebonyea kwenye uti wa mgongo wa mamake.

Nabwire anaipenda kazi hiyo. Ukitembea juu ya mahindi bila kuinua macho, barabara inapotea, malori yanapotea, na unajikuta mwezini. Maana hivyo ndivyo Bwana Radi alivyouandika mwezi: si mawe, ni mahindi makavu yaliyomwagika mkononi mwa Mungu, akaona yamependeza, akayaacha.

Bwana Radi lilikuwa jina la vitabuni la mwalimu mmoja mstaafu. Vijitabu vyake vilikuwa vyembamba, vimebanwa kwa pini mbili, wino ukikushika vidole. Ndani yake kulikuwa na polisi, mapenzi, wafu na mashine za ajabu, vyote vimepikwa sufuria moja kama githeri. Inspekta Nasambu aliuawa kitabu cha kwanza. Cha pili akatoka kaburini bila kivuli, akawasha trekta linaloruka, akaenda kumtafuta mumewe aliyeibwa na majini wa mwezini.

Nabwire aliishia darasa la nane, lakini vitabu hivyo alivisoma kama mtu anayekunywa maji baada ya njia ndefu. Kisha akawasimulia wenzake kazini, sura moja kwa kila turubai.

"Mama Ashley," Rael alimuuliza siku moja. Rael ni mama mtu mzima wa hapo hapo Uasin Gishu, na wote humwita Mama Kibet. "Huyo mwanamke amekufa ama hajakufa?"

"Amekufa, Mama Kibet, lakini hajamaliza kazi."

"Ai! Basi ni kama sisi tu."

Mwezi wa kumi Bwana Radi akafariki. Kitabu cha saba kilikuwa kimeshachapishwa, na mwenye kibanda cha vitabu alimpa Nabwire nakala ya mwisho aliyokuwa nayo. Nabwire akaanza kukisoma kwa ubahili, kurasa mbili kwa siku, kama mtu anayelamba sukari kwa ncha ya kidole. Hakuna kingine kingekuja baada ya hicho. Ikabaki sura moja. Akaiweka tu, wiki nzima, na kina mama wakamnung'unikia.

Ndipo siku ya Ijumaa wingu likaja kutoka upande wa Kapseret, jeusi, bila hodi.

"Mvua! Pakieni!"

Kila mtu akashika lake. Kuna desturi pale: kabla ya kushona gunia, unatia ndani karatasi yenye jina la mwenye mahindi, ili yasichanganyike stoo. Nabwire alikuwa ameweka karatasi ya jina katikati ya kitabu, kushikilia ukurasa. Matone ya kwanza yalipomgonga shingoni, alifunika kichwa cha mtoto kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akatumbukiza guniani karatasi pamoja na kitabu chake. Akashona. Akakaza fundo. Magunia yakabebwa mbio hadi stoo ya Mzee Kipngetich, ng'ambo ya barabara.

Alipoketi stoo kumnyonyesha Ashley, akapapasa mfuko wa aproni. Mtupu.

"Mzee," alisema, "kuna gunia nataka tufungue."

Mzee Kipngetich alikuwa anatazama mvua. "Hayo yameshapimwa. Lori la kiwanda cha unga linakuja asubuhi na mapema."

"Kitabu changu kiko ndani."

"Biblia?"

"Hapana, Mzee. Hadithi."

"Hadithi!" Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Nifungue gunia la watu kwa sababu ya hadithi? Inasema nini hiyo?"

Nabwire hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akaanzia trekta. Akaeleza linavyopanda juu ya Chepkoilel, taa zimezimwa, na Inspekta hana kivuli cha kumsindikiza. Akaeleza majini wanaovaa makoti ya polisi. Mvua ilipiga mabati, ikawa kama magurudumu ya trekta lenyewe. Akafika pale Nasambu anapomwona mumewe ng'ambo ya uwanda wa mahindi, amempa mgongo, na akigeuka tu, mmoja wao atatoweka milele. Hapo akanyamaza.

"Halafu?" Mzee akauliza.

"Halafu iko ndani ya gunia."

Kina mama wakaangua kicheko. Rael akapiga makofi. "Umeshikwa, Mzee!"

Mzee akakuna kidevu. "Magunia mia moja haya. Utajuaje lako?"

"Kwa fundo." Nabwire akamkabidhi Rael mtoto, akapita kati ya safu akigusa nyuzi kwa kidole. Kila mshonaji ana fundo lake, na yeye hupinda mkia wa uzi kushoto, alivyofundishwa na nyanyake. Safu ya tatu akasimama. "Hili."

Mzee mwenyewe akakata uzi. Akazamisha mkono hadi begani, akatoka na kitabu kimejaa vumbi la manjano.

"Soma," akasema, akaketi juu ya gunia.

Nabwire akasoma kwa sauti, polepole, mahindi yakidondoka kutoka katikati ya kurasa. Mume aligeuka. Aliyetoweka hakuwa yeye wala Nasambu. Ulikuwa ni mwezi wenyewe, nao wakajikuta wamesimama shambani kwao, alfajiri, na Nasambu ana kivuli. Chini yake palikuwa na nafasi nyeupe, basi.

Nabwire akakifunga kitabu. Sasa ndiyo mwalimu amekufa kweli, akawaza. Akarudisha karatasi ya jina, akatunga uzi kwenye shazia, ile sindano ya kushonea magunia.

Mzee Kipngetich akakohoa.

"Sasa, Mama Ashley. Huyo mwanamke aliuawaje hapo mwanzo? Mimi sikuwepo."

Nabwire akamtazama. Cha kwanza kiko nyumbani, chini ya godoro.

"Kesho, Mzee," akasema, akipinda mkia wa uzi kushoto. "Jua likitoka, nitakuja nacho."