Niliziba Madirisha ya Al Thumama

Mluzi wa upepo kwenye dirisha la jikoni bado nausikia. Vumbi lilikuwa limeufunika mtaa mzima wa Al Thumama, huko Doha, na madamu, mwenye nyumba nilimokuwa nafanya kazi, akapita akisema, "Bukra matar." Kesho mvua, nikaelewa. Mimi ni mtu wa kisiwa cha Mafia; upepo ule na mvua juu yake, kimbunga nakijua. Tena nikafurahi: sasa wataiona kazi yangu. Mkataba ulikuwa umefika mwisho, nami nilikuwa naota wataniongezea, maana Nura, binti yao niliyemlea tangu ananyonya, halali bila mimi.

Basi nikafanya kama kwetu. Nikaziba nyufa za madirisha kwa utepe, nikajaza ndoo maji, nikaingiza viti vya uani, nikachaji tochi. Nura nikamwambia upepo ukizidi tukae mbali na vioo.

"Tutajificha pamoja, dada?"

"Pamoja, habibti."

Asubuhi jua likawaka, mbingu safi kabisa. Madamu akatazama ndoo, akatazama madirisha.

"Asha, nini hii?"

"Ya mvua, madamu. Ulisema matar."

Akajishika mdomo. "Mataar, Asha. Uwanja wa ndege. Unarudi kwenu leo jioni. Sanduku lako liko wapi?"

Miaka yote hiyo Doha, na sikio langu halijui kuvuta herufi moja. Nura alicheka, akidhani ni mchezo. Nikacheka naye mpaka sauti ikanikauka.

Halafu nikaingia chumbani peke yangu, nikatoa shuka langu kitandani, nikamtandikia jipya msichana atakayekuja kushika kazi yangu.