Mama Zita, Aliyeumwa Tumbo Asimlaumu Mtu

Alizaliwa mwaka 1951, wakati wa masika, katika kihamba cha wazazi wake, yaani shamba la urithi la ukoo, juu kidogo ya Kiboriloni karibu na Moshi, mtoto wa nne wa Sirili, mkulima wa kahawa aliyekuwa pia mpiga kengele wa kigango. Alibatizwa jina la Zita. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini katekisimu aliishika yote kichwani, na waliokua naye husimulia kwamba alikuwa mwepesi wa kucheka hata kanisani, jambo lililomletea adhabu zaidi ya mara moja. Mwaka 1971 aliolewa na Antoni, mwanamume mpole wa kijiji jirani, akahamia katika kihamba cha ukoo wake, akazaa, akakata majani ya ng'ombe na kuchuma kahawa kama wanawake wenzake. Hakuna aliyemdhania utakatifu.

Maumivu yalianza mwaka 1986, jioni ya sherehe ya ubatizo, baada ya kula machalari, ndizi zilizopikwa na nyama iliyonona. Yalimshika chini ya mbavu za kulia, yakapenya hadi mgongoni, yakamkunja kama nguo inayokamuliwa. Kulipokucha yaliondoka, kisha yakarudi, na tangu hapo yakawa mgeni asiyebisha hodi. Zahanati walimpa dawa za minyoo. Hospitali moja ya mjini walisema vidonda vya tumbo, akatafuna vidonge vyeupe hadi ulimi ukawa kama chokaa. Wengine walisema ameba, wengine wakasema ni mawazo. Siku zile maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yakichipuka kila kona ya Moshi, na kila duka lilikuwa na jibu lake. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu. "Mama, huna ugonjwa," aliambiwa na daktari mmoja. Zita akamjibu kwa upole, "Ugonjwa ninao, daktari. Jina lake ndilo sina."

Jaribu kubwa lilimjia mwaka 1989. Filemon, kaka mkubwa wa Antoni, alikwenda kwa mpiga ramli akarudi na jina: Eliona, mjane wa mdogo wao, aliyeishi peke yake upande wa chini wa kihamba, na ambaye ndiye aliyepika machalari siku ile. Wazee wa ukoo waliitwa. Ikasemwa Eliona arudishwe kwao na sehemu yake igawanywe. Ilibaki Zita mwenyewe atamke kwamba anamshuku. Baadaye alikiri kwamba, akiwa amekaa pale ameshika ubavu, kwa muda alitamani iwe kweli, kwa kuwa adui anayejulikana alionekana nafuu kuliko ugonjwa usiojulikana. Akasali kwa midomo tu.

"Shemeji," alimwambia Filemon, "mimi sijui kinachoniuma. Nisichokijua siwezi kumtwisha mtu mwingine."

"Basi utakufa!" Filemon akafoka.

"Nikifa, nife bila kumfukuza mjane."

Akainuka, akachuma jani la sale kwenye mpaka wa shamba, akateremka nalo kwa Eliona. Kwa desturi ya Wachagga, jani hilo hupelekwa na mkosaji anayeomba radhi, na Zita hakuwa amemkosea mtu. "Dada, isamehe nyumba yetu," alisema. "Na nina njaa. Una nini jikoni?" Eliona akampakulia mtori, supu nzito ya ndizi, huku akilia, na Zita akaumaliza wote mbele ya wazee waliomfuata. Baada ya chakula kile hakuumwa hata kidogo. Watu wakasema ni muujiza. Mwenyewe alicheka: "Mtori wa maskini hauna mafuta!"

Eliona hakufukuzwa. Tangu siku hiyo ndiye aliyemsindikiza Zita kila hospitali waliyoisikia ikisifiwa, na wawili hao walizoea kusali rozari kwenye benchi wakisubiri kuitwa. Mwaka 1994 daktari kijana, Evelyn, alimpima kwa mashine ya altrasaundi, akageuza kioo ili naye aone: mawe kwenye kifuko cha nyongo, madogo kama punje za kahawa. "Kumbe ugonjwa una jina!" Zita akapiga kigelegele, wauguzi wakaja mbio. Alipasuliwa, akapona, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akala nyama iliyonona bila woga.

Hapo aliusikia wito wake. Kila aliyeumwa bila kujua anaumwa nini, Zita alimwendea, akamfunga kanga, akateremka naye mjini. Mwaka 1998 ilimfika Filemon. Alikonda, tumbo likajaa maji, akajificha ndani kwa aibu. Zita alisimama mlangoni. "Shemeji, chukua fimbo yako twende." Hospitali ya kwanza hawakuona kitu. "Hapa ndipo watu hurudi nyumbani kutafuta mchawi," alimwambia. "Sisi tunaendelea mbele." Walipofika kwingine, ikaonekana ni kifua kikuu cha tumbo, naye akapona kwa dawa. Alipopata nguvu za kutembea, Filemon alikwenda kwa Eliona akapiga magoti, na jioni ile wakanywa mbege, pombe ya ndizi, kwa kata moja.

Mama Zita alifariki Agosti 2006 kwa homa ya mapafu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Eliona. Kanisa halijatamka neno juu yake, nasi hatutangulii. Lakini mwalimu Pamela, aliyeteswa na tumbo muda mrefu, hushuhudia kwamba alisali kaburini pake, na juma lile lile daktari akakiona kilichowapita wengine. Akina mama wa jumuiya wanaendelea kuwasindikiza wagonjwa mjini kila Jumanne. Nasi tumuige: jirani anapoumwa na jibu halijapatikana, tusimtafutie wa kumlaumu. Tumfungie chakula, tumshike mkono, tuteremke naye.