Jinsi Nilivyomfungia Akoth Mlango wa Chumba Safi

Siku yangu ya kwanza kazini niliosha chupa zile zile mara tatu. Ilikuwa maabara ya shule ya upili pale Katito, nami nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na shati moja la kazi. Mwalimu wa Fizikia aliinua kila chupa dirishani, akaikagua, akairudisha kwenye karai. "Rudia, bwana. Hii hata ng'ombe hawezi kunywea." Mara ya tatu akazipanga kabatini, nikajua nimeajiriwa. Tangu siku hiyo nilijiona msafi kuliko watu wengine. Kiburi hicho ndicho kilichokuja kumharibia mtoto wa watu maisha, na hasira ninayoandika nayo leo inaanzia hapo.

Kutoka Katito nilihamia chuo cha ufundi mjini Kisumu, chini ya Mkuu wa Karakana, mtu mkali aliyenifundisha kulehemu saketi, yaani kuunganisha vipande vya umeme kwa risasi iliyoyeyushwa. Miaka yangu ya mwisho nilikuwa fundi wa maabara katika chuo kikuu, na huko ndiko mradi uliponikuta.

Mradi ulikuwa hivi. Kampuni ya kutengeneza chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha simu na kompyuta, iliungana na chuo. Chuo kilitakiwa kuleta wanafunzi kutoka familia ambazo hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu, hasa wasichana wa fuo za ziwa. Kampuni ilileta mashine, na ikaahidi nafasi za mafunzo kiwandani kwake. Chipu huchongwa juu ya kisahani chembamba cha silikoni kinachong'aa kama kioo, tulikiita wefa. Chembe moja ya vumbi, ambayo jicho haliioni, inatosha kuua chipu. Kwa hiyo kazi hufanywa ndani ya chumba safi: hewa inachujwa, watu wanavaa ovaroli nyeupe toka kichwani hadi miguuni, na mashine ya ukutani inahesabu chembe zinazoelea. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa hesabu hiyo. Mlangoni tulibandika kanuni za kampuni: manukato hapana, mafuta hapana, vipodozi hapana.

Akoth alitoka Usenge, ufuoni mwa ziwa, ambako mama yake huanika omena, wale dagaa wa ziwani. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wa wote. Alishika wefa kwa koleo kana kwamba haina uzito. Zamu yake ilikuwa alasiri, na mimi ndiye niliyeingia naye. Kila alasiri, namba za ukutani zilipanda.

Mwakilishi wa Kampuni alipokuja kukagua, alisoma namba hizo akauliza, "Huyu wa mchana anatoka wapi?"

"Usenge," nikajibu.

"Kwao wanafanya kazi gani?"

"Omena."

Mratibu wa Mradi, mzaliwa wa hapa hapa kwetu, akacheka. "Basi jibu umepata. Omena haitoki hata ukioga na petroli!"

Nilicheka pia. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Kesho yake nilimwita Akoth kando nikamuuliza kama anaoga vizuri kabla ya kuja. Akasema, "Japuonj," ndivyo alivyoniita, mwalimu kwa Kijaluo, "muhula mzima nakaa kwa shangazi, hapa mjini Nyamasaria. Nguo za nyumbani sijagusa. Nyanya alizikwa wiki jana, sikuenda. Niliogopa kurudi na harufu."

Mjaluo yeyote akisoma hapo ataelewa, maana kwetu mtu hakosi mazishi ya nyanya yake. Mtoto aliacha kumzika nyanya yake kwa ajili ya mashine yangu. Nilipaswa kutafuta kiti nikae. Badala yake nilimwambia, "Jaribu sabuni nyingine."

Fomu ya tathmini ilikuwa na sehemu iliyouliza chanzo cha uchafu. Niliandika: mazingira ya nyumbani kwa mwanafunzi. Nikatia sahihi. Nafasi yake kiwandani akapewa mwingine, na Akoth akaondoka chuoni kabla muhula haujaisha.

Namba hazikushuka. Alasiri moja nilikuwa ndani peke yangu, zikapanda tena. Akaletwa fundi kutoka Nairobi, mama mmoja mcheshi, aje aitazame mashine. Nilipovua ovaroli alinikazia macho shingoni.

"Mzee, umejipaka nini?"

"Dawa ya joto. Nina vipele."

"Hebu nione."

Nikamtolea kopo. Kila siku baada ya chakula cha mchana, joto la Kisumu likizidi, nilijimwagia shingoni na kwapani. Alilisoma, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Mzee! Hii ni poda! Na hapo mlangoni si mmeandika vipodozi hapana?"

Vipodozi. Poda nayo imo humo. Niliwasomea wasichana neno hilo kwa sauti kila muhula, nikiamini linawahusu wao na rangi zao za midomo. Changu nilikinunua duka la dawa, kwa hiyo kilikuwa dawa.

Nilitupa kopo, namba zikashuka. Kisha nikanyamaza mpaka nikastaafu. Kosa la kwanza lilikuwa ujinga. Hili la pili sina jina la kulipamba. Na muda huo wote picha kubwa ya Akoth, aliyopigwa alipoanza, amevaa ovaroli nyeupe, iliendelea kuning'inia langoni mwa chuo ikiutangaza mradi unaowainua wasichana wa ziwani. Wageni walipiga picha mbele yake. Hakuna aliyeuliza yuko wapi. Walimtaka ukutani, si kiwandani! Nikiikumbuka, sijui nimkasirikie nani zaidi, wao au mimi.

Baada ya kustaafu nilikwenda Usenge. Nilimkuta Akoth mbele ya kibanda, anatengeneza taa za sola za wavuvi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza, bisibisi mkononi.

"Mratibu umemwambia?"

"Bado. Nilitaka kukuomba msamaha kwanza."

"Japuonj, mimi nilijua sikuwa mchafu. Umesafiri mbali kumwambia mtu anayejua. Nenda ukawaambie wasiojua."

Akarudi kwenye taa yake. Kiti hakunipa.

Nilimpelekea Mratibu barua ya kukiri habari ya poda, nikitaka iingie kwenye faili la Akoth na nafasi yake irudishwe. Aliisoma nusu akaisukuma kwangu. "Mzee, umestaafu, pumzika. Tukiifungua hii, kampuni watauliza ni wangapi wengine tuliwatoa hivyo."

"Na waulize."

"Utatuvunjia mradi."

Nilirudi nyumbani na barua yangu, na lile swali la wangapi wengine likakataa kuniacha. Nikafungua madaftari yangu ya kazini, ukurasa kwa ukurasa. Kabla ya Akoth walikuwapo wawili wengine wa zamu ya alasiri, mmoja binti wa muuza samaki, mwingine wa mfinyanzi. Wote wawili niliwaandikia maneno yale yale, kwa mwandiko wangu mzuri. Sasa barua ina majina matatu, na kila Jumatatu nakwenda kuketi nje ya ofisi ya Mratibu mpaka aipokee. Hao wawili, kabla ya kusoma daftari, sikuwa hata nawakumbuka.