Kikapu ni cha Aliyekianza

Siku tatu kila wiki, masomo yakiisha, tulibaki shuleni pale Mlandege kwa kazi za mikono. Wavulana walichonga miiko. Sisi wasichana tulisuka vikapu vya milulu, yale majani marefu ya bondeni ambayo huanikwa, kisha hulowekwa yasikatike. Tulikuwa wasichana kumi na tisa. Nilihesabu mara mbili, maana lori la misheni lingepeleka kazi zetu kwenye maonyesho Mbeya, na mwalimu alisema litabeba mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye kazi bora, basi.

Nafasi ile niliitaka kuliko chakula. Dada yangu alikuwa ameolewa Iyunga, si mbali na mjini Mbeya. Miezi miwili nyuma tuliletewa habari kwamba amejifungua mtoto wa kiume, na kwamba damu inamtoka sana. Baada ya hapo, kimya. Baba alisema kimya ni dalili njema, lakini neno hilo alilirudia mno, kama mtu asiyeliamini.

Shida yangu ilikuwa kitako cha kikapu. Kuta nilizibana mpaka maji hayapiti, ila kitako changu kilivimba, kikapu kikikaa kinayumba kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya ulanzi. Jirani yangu wa benchi alikuwa mashoto. Vitako vyake vilishinda vya mwalimu, lakini kuta zilimchosha. Hakuwahi kumaliza kikapu. Nikaona biashara.

"Nisukie kitako, mwenzangu. Nitakuchumia milulu wiki mbili."

"Bondeni matope. Tatu."

"Mbili, na nitakulowekea."

"Tatu, na utanilowekea."

Nikakubali tatu, nikijiona nimempunja.

Kuta zilinichukua siku tisa. Siku moja kabla ya kukaguliwa nilikipeleka kikapu dirishani kwenye mwanga, ndipo nikaona. Mashoto husokota milulu kwa upande wake. Kitako kililala kushoto, kuta zililala kulia, na vilipokutana palizunguka mstari, kama nywele zilizosukwa na watu wawili walionuniana. Kufumua hakukuwezekana tena. Usingizi sikuupata.

Mwalimu, mama wa makamo, hakuvitazama vikapu. Alivipindua na kuvipitishia kidole gumba. Kwenye changu kidole kikasimama.

"Hiki kina mama wawili."

"Mwalimu, maharage yakitiwa humo hayajui kulia wala kushoto," nikajibu.

Benchi zote zikacheka. Yeye hakucheka. "Sijauliza maharage. Kitako kasuka nani?"

Jirani yangu akainua mkono.

"Kikapu hiki ndicho kizuri kuliko vyote," mwalimu alisema, "na kitakwenda. Lakini mnajua wenyewe: kikapu ni cha aliyekianza. Yeye ndiye atapanda lori."

Nilijua. Kwetu hata kuta zikisukwa na wanawake wanne, kikapu huitwa cha yule aliyefunga milulu ya kwanza. Nimelisikia tangu nabebwa mgongoni, na katika mapatano yangu yote sikulikumbuka.

Nje nilimshika jirani yangu nguo. "Milulu ya mwaka mzima. Niachie nafasi."

"Sijawahi kupanda lori, wee."

"Na kuloweka."

"Hata ukinilowekea mpaka niolewe."

Mali ilikuwa imeniishia, ndipo nikamweleza habari za dada na ile damu.

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Ungepandisha bei."

Hakubisha. Alisema tu, "Nielekeze nyumba. Nitakwenda kumwona." Nafasi hakuiachia.

Lori lilikaa Mbeya siku nne. Nyumbani sikusema kitu. Nilikuwa nikitega sikio barabarani, na kila injini ilikuwa ya mtu mwingine. Liliporudi nilimdaka kabla hajakanyaga chini vizuri.

"Nimemwona," alisema. "Mzima kabisa. Amenenepa. Nimemkuta mlangoni anapepeta ulezi."

"Na mtoto?"

"Mtoto yupo, analala."

Nikamwomba arudie tangu mwanzo. Akarudia kwa furaha, na mara hii ulezi ulikuwa mahindi, na mtoto alikuwa macho, akicheka, ana meno mawili ya chini.

Meno. Nikahesabu miezi kwa vidole, nikahesabu tena. Haijafika hata mitatu. Yeye alikuwa kitinda mimba kwao. Mtoto mchanga angemjulia wapi? Alinitazama usoni, kisha akatazama pembeni, akaanza kunieleza milima.

Jioni nilimsimulia mama: mzima, amenenepa, anapepeta ulezi mlangoni. Nilimsimulia yote, isipokuwa meno.