Kiganja cha Balozi Tadei

Mkono wa kulia wa Babu Tadei ulikuwa wa kijivu mpaka kwenye kifundo. Hata Jumapili, amenawa na kuvaa koti lake jeusi la kanisani, kucha zilibaki na ule weupe mchafu wa majivu. Sisi wanafunzi tulimwita Bwana Jivu, nyuma ya mgongo wake bila shaka. Mbele yake ilikuwa "shikamoo, Babu", tena kwa kupiga goti kidogo, maana alikuwa balozi wa nyumba zetu kumi, na kati ya kazi zote za ubalozi, aliyoifanya kwa moyo ilikuwa ni moja: kukagua moto.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Zamani kila ukoo ulikaa kwenye kilima chake, nyumba moja huku, nyingine kule, katikati matuta ya ulezi na mahindi. Ikaja amri ya vijiji vya ujamaa, tukashushwa na kupangwa mistari kando ya barabara ya kwenda Laela. Kuta za udongo, paa za nyasi, na paa la huyu karibu liguse la yule. Sasa mtu asiyeijua Ufipa hajui upepo wa kipupwe ni kitu gani. Unaanza mwezi wa sita, unakausha kila kitu, unasukuma mtu anayetembea. Mwaka uliotangulia, kijiji kimoja cha jirani kilikuwa kimeungua mstari mzima kwa cheche za jiko moja. Basi halmashauri ya kijiji chetu ikapitisha sheria: msimu wa upepo, hakuna moto ndani ya nyumba ya kulala. Kupika ni nje, ndani ya kizuizi cha matofali mabichi, na jua likizama kila kitu kiwe kimezimwa. Kila mlango uwe na debe la maji na mti mrefu wenye ndoano, wa kuvutia nyasi chini paa likishika. Mvunja sheria anakwenda kulima matuta kwenye shamba la kijiji.

Mabalozi wengine walipita na kuuliza tu mlangoni, "Mmezima?" Wakajibiwa ndiyo, wakaenda zao. Babu Tadei hakuuliza. Alichuchumaa mbele ya mafiga, akazamisha kiganja ndani ya jivu mpaka chini kabisa, akatulia hivyo kama mtu anayesikiliza. Jivu likiwa baridi, anainuka na kusema, "Mlale salama." Likiwa na joto, hasemi kitu. Anachukua debe la maji mwenyewe.

Mimi nilikuwa na maswali mengi, na siku moja nilimwuliza, "Babu, huungui?"

"Naungua," akasema. "Ndiyo maana najua."

"Lakini si ungeuliza tu kama wenzako?"

Akakung'uta jivu mkononi. "Siku tuliyohamishwa, walizichoma nyumba zetu za kilimani ili tusirudi. Mimi nilisimama mbele ya yangu. Nikaanza Salamu Maria. Mjukuu wangu, sikufika 'utuombee sisi wakosefu', paa lilikuwa limeshalala chini."

Tangu siku ile nilikuwa nikisali Salamu Maria kanisani, nasita pale pale.

Jirani yake alikuwa Mzee Beda, mtu wa mdomo. Mwezi wa sita Beda alikutwa na makaa hai chini ya jivu, akajitetea kwamba ni ya kupasha mifupa tu. Alilima matuta. Akarudi na malengelenge na maneno: "Mkono wa balozi umeshachungulia mafiga ya wake zetu wote. Yake atayachungulia nani?"

Watu wakacheka. Babu Tadei naye alicheka kidogo.

Nyumba ya mwisho katika zamu yake ilikuwa ya mwanawe Polikarp. Polikarp alikuwa Sumbawanga mjini kwenye kazi ya ujenzi, amemwacha mkewe Kristiana na mimba ya kwanza. Kristiana akajifungua mwezi wa saba, asubuhi ambayo umande uliganda juu ya majani ya maharage. Mtoto wa kiume, mdogo sana. Mama mkwe wake, Bibi Cornelia, mke wa balozi, akafanya kama alivyofanyiwa yeye na mama yake: akawasha moto ndani. Kwetu moto wa mzazi hauzimwi mpaka kitovu cha mtoto kianguke, wala jivu lake halivuki mlango.

Bibi Cornelia hakuwa mjinga, sheria aliijua. Mchana alikwenda kwa katibu wa kijiji, Bwana Isakwisa, aliyekuwa ametoka Mbeya. Akarudi na jibu: "Amesema mwenye nyumba kumi ni balozi. Balozi akiruhusu, yeye hana neno."

Babu Tadei alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakuinua kichwa. "Nikiruhusu kwangu, kesho naingia vipi kwa Beda?"

Jua lilipoanza kuzama, akaanza zamu yake. Sijawahi kuona milango mingi hivyo ina watu. Wote walikuwa wamezima mapema, wamesimama nje na mashuka mabegani, wanangoja. Na moshi mmoja tu ulikuwa unapenya kwenye nyasi za mstari ule, wa nyumba ya mwisho.

"Leo tutaona jivu la mkamwana linapoaje," akasema Beda kwa sauti ya kusikika.

Babu Tadei akafika mlangoni akasimama. Hakuweza kuingia. Baba mkwe haingii chumba cha mkamwana aliyejifungua, hata kama ni balozi. Mkono ule wa kijivu ulining'inia tu.

"Mama Polikarp," akaita.

Bibi Cornelia akatokeza kichwa. "Baba Polikarp, huyu ni mzazi."

"Najua."

"Mtoto mwenyewe ni kama kifaranga kilicholowa."

"Najua. Ila sikia upepo."

"Basi niachie makaa tu, ndani ya chungu. Nitakaa nayo mwenyewe, sitafumba jicho."

Babu Tadei akatazama juu. Nyasi za paa zilikuwa zinainuka na kushuka, kama kuna mtu anazipekua. Akatazama mstari wote, milango yote, watu wote. Mwisho akamtazama Beda.

"Makaa ni moto," akasema.

Beda akasogea. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Balozi, mimi nilikuwa natania, bwana. Mwache mama wa watu aote."

"Mimi sitanii."

Tukasikia maji yanamwagwa, na ule mlio wa moto unapokufa. Moshi mweupe ukatoka mlangoni. Babu Tadei akavua koti lake jeusi, lile la kanisani, akalipitisha mlangoni bila kutazama ndani. Bibi Cornelia akalipokea. Siku zilizofuata alikuwa akipasha mawe kule nje mchana, anayafunga kwenye khanga, anayakimbiza ndani. Lakini jiwe halina usiku mrefu kama wa kipupwe.

Mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi chenyewe kidogo, ungedhani ni paka. Wakambeba kwenda zahanati, Kristiana na Bibi Cornelia, wameinamia upepo. Muuguzi Anyitike alimwekea sikio kifuani, akasema baridi imeshaingia mapafuni, akafanya alichoweza. Jioni Bibi Cornelia akamwagia mtoto maji kichwani na kumbatiza Marselino, kwa sababu padri alikuwa mbali. Kesho yake wakarudi naye amefunikwa lile koti.

Kitovu kilikuwa bado hakijaanguka.

Msibani watu walikaa uani bila moto. Msiba gani hauna moto? Wanaume walikaa wamekumbatia magoti, meno yanagongana, hakuna aliyekwenda kutafuta kuni. Bwana Isakwisa akanong'ona, "Washeni basi, jamani, hapa ni nje." Mtu mmoja akamjibu, "Balozi hajasema." Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa heshima au adhabu. Babu Tadei alikuwa pale pale, anasikia. Hakusema.

Matanga yalipokwisha akarudi kwenye zamu yake. Akapita nyumba moja moja, akazamisha mkono, "mlale salama", nyumba nyingine, "mlale salama". Akafika ya mwisho na kusimama mlangoni kama siku ile. Safari hii Kristiana alitoka mwenyewe. Alikuwa amebeba gae la chungu kwa mikono miwili, limejaa jivu. Akapiga goti, akaliweka kizingitini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Jivu la ndani hili. Sasa linaweza kutoka. Kagua."

Hakulisema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Babu Tadei akachuchumaa, akaingiza kiganja mpaka chini, akatulia vile vile kama anasikiliza. Tulingoja aseme yale maneno yake. Upepo ukaanza kuchukua lile jivu juu ya mkono wake, kidogo kidogo, linampata usoni, naye hakufumba macho. Mwisho Kristiana akaliinua gae, mkono wa mzee ukabaki hewani, wazi.

Mwaka ule hakuna nyumba iliyoungua katika kijiji chetu. Huo ndio ukweli, na wapo waliousema mbele yake wakidhani wanamfariji.

Jioni iliyofuata alipita tena. Mikono yote miwili ilikuwa mifukoni. Alisimama nje ya kila mlango na kuuliza kama mabalozi wengine, "Mmezima?" Kwa Beda moshi mwembamba ulikuwa bado unatoka kule nyuma. Beda alipomwona, alikimbia akamwaga debe zima, akarudi anahema.

"Nimezima, balozi. Ingia ushike."

"Nakuamini."

"Hapana, ingia ushike, Tadei. Tafadhali, ndugu yangu. Shika uone."

"Nakuamini, Beda," akasema, akaendelea mbele.