Darasa la Wasichana la Anyosisye

Kila alfajiri, kabla ya kutoka migombani, Anyosisye alisimama kusikiliza kikohozi cha baba mkwe wake, mzee Hezroni. Kikitokea upande wa mto, yeye alipita upande wa mashamba ya mpunga. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na mkwewe uso kwa uso, wala hapazi sauti mahali mkwe anapoweza kuisikia. Ubatizo haukubadili hilo.

Alikuwa akienda misheni ndogo ya Bujonde, kwenye kibanda cha mianzi, ambako wasichana kumi na wanne walimngoja. Kijerumani alikipata akilea watoto wa mchungaji Mjerumani. Kuandika ubaoni hakuweza, hivyo alifundisha kwa kucheza. Alianza hadithi ya sungura kwa Kinyakyusa, na sungura alipofika mtoni, Anyosisye aliimba "Wasser", maji. Wasichana waliitikia huku wakikanyaga hatua tatu kushoto. "Feuer" ulikuwa moto, nao waliruka wakipiga kelele kama wameungua kweli.

Gideoni, mwalimu wa wavulana, alizoea kuchungulia mlangoni.

"Dada, umefundisha miguu. Vichwa bado havijabatizwa."

"Ingia basi ushindane nao."

"Na kaptula hii? Itapasuka."

Mwaka 1911 mchungaji alitangaza mtihani. Wasichana wasipojibu, darasa lao lingefungwa, warudi kulima.

Siku ilipofika walipangwa mstari mbele ya kanisa. Anyosisye alikuwa ameinua mikono apige makofi ya kwanza, ndipo akasikia kikohozi. Mzee Hezroni, aliyechaguliwa mzee wa kanisa juma lile lile, alikuwa anaongozwa kukaa kando ya mchungaji. Anyosisye alijifunika nguo kichwani, akaenda kuchutama nyuma ya kibanda.

Mchungaji aliwaonyesha wasichana mtungi wa maji. "Hiki kilichomo ni nini kwa Kijerumani?"

Neli, mdogo kuliko wote, alisogeza mguu kushoto. Alipoona hakuna aliyemfuata, akaurudisha.

"Anyosisye!" mchungaji aliita. "Waanzishie!"

Alisikia. Ingetosha aimbe neno moja. Mzee Hezroni naye alijua ni kwa nini haimbi, na angeweza kuinuka akaondoka. Lakini ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa kiti mbele ya watu. Akatazama chini, akabaki amekaa.

Mchungaji aliuliza maneno mengine mawili, kisha akafunga daftari. Jioni ile Gideoni alibeba mabenchi ya wasichana kuyapeleka kwa wavulana. Hakutania.

Neli alimfuata mwalimu wake kwenye njia ya mpunga.

"Mama, sasa sisi tutafundishwa na nani?"

"Hakuna atakayewafundisha," Anyosisye alisema.